Kabla Greda Halijafika: Mwongozo kwa Wakazi Wanaotaka Sauti Katika Mipango ya Jiji

Greda likishafika mtaani, mazungumzo yamekwisha. Dereva hana majibu, ametumwa tu. Mkandarasi ameshika karatasi iliyosainiwa miezi mingi nyuma, tena kwenye kikao ambacho mlango wake ulikuwa wazi na sisi hatukwenda. Wengi wetu hapa Jinja, Uganda, ni mafundi wa kulalamika kwenye kibanda cha chapati, halafu tunashangaa mtaro umechimbwa upande usiopita maji.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi upande wa Walukuba. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, enzi za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Watu walikuja na mabegi kutoka Acholi, Teso, Busoga, Lango na hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na Kiswahili ndicho kilichowafanya waweze kugombana na kupatana. Ninayoandika hapa ni yale tuliyojifunza, mengine kwa aibu.

Kwanza: jua ngazi, na jua kitu ni cha nani

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja iliacha kuwa manispaa ikawa jiji, pamoja na Arua, Gulu, Mbale, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Mipaka ilipanuka. Watu wa Budondo na Mafubira walilala kijijini wakaamka jijini, miwa ikiwa bado imesimama shambani. Kwa hiyo usidhani kila jirani yako anajua ni nani sasa anayepanga barabara yake.

Kutoka chini kwenda juu (LC ni Local Council, baraza la eneo): seli, ambayo ni LC1, wadi, ambayo ni LC2, divisheni, kisha halmashauri ya jiji, LC5, yenye meya kwa upande wa siasa na karani wa jiji kwa upande wa utendaji. Jinja ina divisheni 2, Kaskazini na Kusini. Kampala ni habari nyingine: ina sheria yake ya 2010 na mamlaka yake, KCCA. Ukiwa Kawempe au Makindye majina ya ofisi yatabadilika, ila kazi ya mtaani ni ileile.

Kuna jambo nililolijua nikiwa tayari na mvi. LC1 si mwenyekiti na mhuri wake. Wale watu 10 ni kamati tendaji tu. Baraza lenyewe la LC1 ni kila mkazi wa seli mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mpangaji wa chumba kimoja kwenye mizigo, zile safu za vyumba vya kukodisha, ana kiti sawa na mwenye nyumba. Mara ngapi nimesikia, "Mimi mpangaji tu, hayo ni ya wenye nyumba"? Huyo mpangaji ndiye anayeinua godoro usiku mvua ikimwagika, na mwenye nyumba amelala kwake Kampala pakavu. Mkianza kuorodhesha watu wa kuwaita, anzeni na wapangaji.

Halafu ulizeni: hiki tunachotaka kitengenezwe ni cha nani? Barabara kuu ya kwenda Kampala ni ya taifa, na tangu UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilipovunjwa mwishoni mwa 2024 barabara za namna hiyo ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Njia ya ndani ya mtaa ni ya jiji au divisheni. Ukimbebesha diwani lawama ya shimo lisilo lake, unampa sababu nzuri ya kukukwepa hata kwa lile lililo lake.

Pili: kutanisheni watu

Saa ya mkutano inaamua nani atasikika. Ukiita asubuhi, wanawake wa Masese wako kwenye kuanika mukene, dagaa wa ziwani. Ukiita usiku, mama mwenye watoto hatoki. Ijumaa mchana ni msikiti, Jumamosi kuna Waadventista, Jumapili asubuhi ni kanisa. Sisi tumetulia kwenye Jumapili saa 10 jioni, chini ya mwembe. Si baa, si kanisani, si uani kwa mwenye nyumba. Mahali pasipo na mwenyewe ndipo watu husema.

Mwenyekiti wa LC1 mpeni taarifa kwa barua, hata kama hampatani naye. Hasa kama hampatani naye. Kama mtakuwa wengi na mna vipaza sauti, nakala moja ipelekeni kituo cha polisi kilicho karibu, wagonge mhuri, mbaki na yenu. Karatasi hiyo moja itawaokoa siku mtu atakaposema mlikuwa mnapiga siasa.

Lugha nayo ipangeni. Mikutano yetu ni ya Kiswahili, lakini tuna wenzetu wa Karamoja wanaoishi Masese, na wazee wa Kisoga ambao Kiswahili kwao bado ni lugha ya askari, kinanukia bunduki. Tunaweka mtu wa kunong'oneza kila upande. Inachelewesha, lakini ni afadhali kuliko mzee kuitikia kwa kichwa jambo asilolielewa kisha kesho analipinga. (Kiswahili hicho hicho wanachokitilia shaka ndicho serikali ilichokwenda kuazima neno: mwaka 2009 ilipoanzisha mikutano ya wananchi kuwahoji watendaji, iliiita baraza. Leo hata mahali ambapo hakuna anayejua "habari gani", watu wanakwenda "baraza".)

Suala la pesa ya soda litakuja dakika ya kumi, mjiandae. Watu wamezoeshwa na miradi kwamba ukikaa kwenye kiti unalipwa nauli. Sisi hatulipi. Kuna chai na mandazi yanayotoka kwenye mchango wa kikundi, basi. Mwaka wa uchaguzi mgombea mmoja alitaka kutuletea mahema, viti na kreti za soda. Tulimwambia aje kama mkazi, akae kwenye jiwe kama sisi. Hakuja. Mkutano ulikuwa mfupi na mzuri.

Tatu: chagueni jambo moja

Mwaka wetu wa kwanza tulipeleka orodha ya mambo 27. Taa, choo cha soko, zahanati, kelele za disko, mbwa, kila kitu. Ofisa aliyetupokea alisoma hadi la sita, akaikunja karatasi vizuri sana, akatushukuru. Ile kukunja kwake ndiyo jibu tulilopata mwaka mzima.

Sasa tunapiga kura kwa maharage. Unachora duara ardhini kwa kila hitaji, unaweka kitu cha kuliwakilisha: chupa ya maji, jiwe, kipande cha waya kwa umeme. Kila mtu anapewa punje 3 na anaziweka anapotaka. Wasiojua kusoma wako sawa na mwalimu. Mara ya kwanza kufanya hivi, mzee mmoja Mnubi alisimama muda mrefu na punje zake kiganjani, akizigeuza kama anahesabu tasbihi, kisha akaziangusha zote 3 kwenye duara la mtaro na kurudi kukaa bila neno. Nyumba yake haifikiwi na maji. Nilimuuliza baadaye. Akasema njia ya kwenda makaburini inafikiwa.

Wanawake na wanaume wapige kwa zamu tofauti kwanza, mlinganishe, halafu mpige pamoja. Kwetu wanaume walitaka taa za barabarani na wanawake walitaka mtaro. Hayo mabishano ni bora yaishe chini ya mwembe kuliko mbele ya diwani.

Nne: hesabuni wenyewe

Hapa ndipo pana uzito, msipapite haraka.

Tulipokwenda kulalamika kuhusu mtaro, tuliambiwa, "Mrefu kiasi gani?" Tukajibu, "Mrefu sana." Mhandisi hawezi kuandika "mrefu sana" kwenye makadirio. Tuliporudi nyumbani tukanunua kamba ya nailoni, tukaifunga fundo kila mita moja hadi mita 50, fundo la kumi tukalipaka rangi nyekundu. Kijana wa stendi ya boda alishika ncha moja, mimi nyingine, mwanafunzi wa sekondari akiandika. Kutoka kwenye kona ya kinu cha mahindi hadi kwenye bonde: mita 340. Kina tulipima kwa fimbo kila mita 20, na mahali palipoziba tukaandika pamezibwa na nini. Sehemu 3 palikuwa na taka. Sehemu 2 palikuwa na veranda ya mtu.

Veranda hizo ni mtihani. Msiende na kamba ofisini kabla hamjaongea na wenye veranda. Mmoja alikubali kuvunja mwenyewe. Wa pili alinuna miezi minne, na kila aliponiona aliita kuku wake kwa jina langu.

Kisha hesabuni kaya. Tulikosea vibaya hapo. Makundi mawili yalihesabu safu moja ya mizigo, moja likitokea juu, jingine chini, na jumla ikavimba. Aliyegundua ni mama wa chapati, aliyetazama karatasi na kusema, "Safu hii ina milango 16, ninyi mmepata 30?" Tangu hapo kila mlango uliohesabiwa unapigwa alama ya chaki. Na ulizeni kaya, si milango: kuna mlango wenye familia mbili, na mtu mmoja aliyekodi vyumba viwili. Andikeni wanaoishi humo, wenye ulemavu, maji yaliingia mara ngapi msimu uliopita, na kilichoharibika. Msiandike kabila wala chama. Msiandike kodi mtu anayolipa, isipokuwa amekubali.

Picha za simu zipigwe mvua inaponyesha, mtu akiwa amesimama ndani ya maji ili kimo kionekane. Picha ya mtaro mkavu haimsumbui mtu. Mwenye simu nzuri na kijana mwenye subira mnaweza pia kuweka vijia na mitaro yenu kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Mitaa mingi ya watu wa kipato kidogo kwenye ramani huonekana kama uwanja mtupu, na uwanja mtupu hutamanisha wawekezaji.

Hili la wakazi kujihesabu si jipya kwetu. Shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda nchini, lililoanza 2002, limefanya hivyo Kampala, Jinja na miji mingine, likitanguliza vikundi vya akiba. Kama lina watu karibu nanyi, watafuteni. Watawafundisha kwa siku mbili kile kilichotuchukua sisi mwaka.

Tano: kalenda

Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Kila kosa tulilofanya linatokana na kutolijua hilo vizuri. Tulikwenda na mambo yetu 27 mwezi Februari, wakati keki ilishagawanywa na visahani vimeoshwa.

Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kukaa na seli na wadi. Waraka wa kwanza wa bajeti kutoka Wizara ya Fedha hutoka Septemba. Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba halmashauri hufanya mkutano wa bajeti, na huo ni wa wazi: wakazi, wafanyabiashara na makanisa huruhusiwa. Katikati ya Novemba karatasi ya mfumo wa bajeti inakwenda Kampala. Kufikia mwisho wa Machi rasimu inawekwa mbele ya baraza, na kufikia 31 Mei inapitishwa. Ukija baada ya Novemba, unaomba mtu aondolewe ili wewe uingie.

Juu ya hapo kuna mpango wa maendeleo wa miaka 5, unaofuata ule wa taifa. Wa sasa unaanzia 2025/26 hadi 2029/30. Ombi lililomo ndani ya mpango huo hupita kirahisi. Ombi lisilokuwemo, hata mwenye nia njema atasema hana kifungu. Nendeni kwa ofisa mipango wa jiji au wa divisheni, muombe kuona ukurasa unaohusu wadi yenu, na msome kabla ya kuandika chochote.

Pesa zenyewe zinatoka wapi? Divisheni hubaki na nusu ya mapato inayokusanya, nusu inakwenda jijini. Kuna pia ruzuku ya serikali kuu inayoitwa DDEG, ambayo halmashauri ina uhuru kidogo wa kuamua itumike wapi. Msichanganye na zile shilingi milioni 100 za kila parishi za mpango wa PDM uliozinduliwa 2022: hizo ni za kukopesha kaya ziinue kipato, hazichimbi mtaro. Tumewahi kupoteza jioni nzima kwa mabishano hayo.

Sita: barua, kisha mdomo

Ukurasa mmoja. Juu, mnaomba nini na wapi. Katikati, namba zenu: mita, kaya, siku za mafuriko. Chini, mnachotoa ninyi. Hii sehemu ya mwisho msiiache. Sisi tuliandika kwamba wenye veranda wameshakubali, kwamba tutasafisha mtaro kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwamba kikundi cha akiba kina kiasi fulani kwenye sanduku la kufuli 3 kwa ajili ya mabeleshi na toroli. Kiasi kilikuwa kidogo cha kuchekesha. Hakuna aliyecheka.

Barua imwendee karani wa jiji au karani msaidizi wa divisheni, nakala kwa diwani wenu, ofisa maendeleo ya jamii na mhandisi. Mhuri wa LC1 uwepo. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ambatanisheni kumbukumbu za mkutano na sahihi. Asiyeandika apige dole gumba.

Kwenye mkutano wa bajeti apelekwe msemaji mmoja na watu watano wa kukaa nyuma yake. Sisi tulimpeleka mama wa chapati, kwa sababu katika watu wote yeye ndiye asiyeongeza chumvi. Alipewa dakika 3, akatumia mbili. Alisema: "Mita 340. Kaya 112. Maji yameingia mara nne tangu Machi. Hii ndiyo ramani." Akaketi.

Ulizeni pia kama jiji lenu bado lina jukwaa la maendeleo, lile ambalo madiwani, wafanyabiashara na wakazi wa mabanda hukaa meza moja. Majukwaa hayo yalianzishwa na mradi wa mwaka 2010 uliogusa Jinja, Mbale, Arua, Mbarara na Kabale, na baadaye mradi wa USMID wa kujenga barabara za manispaa ukayaeneza. Mahali pengine yamelala usingizi. Lililolala linaamshwa kwa barua.

Saba: ramani ya jiji

Bajeti ni ya mwaka, lakini ramani ya matumizi ya ardhi inaamua miaka mingi mbele wapi patakuwa viwanda, wapi makazi, wapi barabara pana itapita katikati ya jiko lako. Sheria ya Mipango ya 2010 inataka rasimu ya ramani iwekwe hadharani na watu wapewe nafasi ya kupinga kwa maandishi. Tatizo ni kwamba hubandikwa kwenye ubao wa ofisi, na nani hupita kwenye ubao wa ofisi? Mteueni mtu mmoja, tuseme kijana anayekwenda mjini kila siku, akague ubao huo mara moja kwa wiki.

Mkiomba hati mkanyimwa, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005. Ombi la maandishi kwa karani wa jiji linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Andikeni tu, bila matusi, na kutaja ibara ya 41 ya Katiba. Ya 38, inayompa raia haki ya kushiriki mambo ya utawala, itajeni mkizuiwa kuingia kikaoni.

Mkiwa kando ya ziwa, kuweni wakweli nafsini mwenu. Mita 200 kutoka Ziwa Victoria, na mita 100 kutoka mto Nile, ni eneo la hifadhi. Kikundi kikidai huduma ndani ya mstari huo, kitapewa maneno matamu na hakitapewa kitu. Hapo dai lenye miguu ni mahali pa kuhamia na muda wa kuhama, na ni bora mlidai mapema mkiwa watulivu.

Nane: mkipewa, pimeni

Pesa hutolewa kwa robo mwaka, kwa hiyo jambo lililopitishwa Mei linaweza kuonekana Januari. Kila robo nendeni kuuliza, watu wawili, kwa adabu, na daftari. Kazi ikianza, someni bango la mradi: jina la mkandarasi, kiasi, muda. Ombeni nakala ya vipimo. Kalavati zihesabiwe zikishushwa, kwa maana usiku huwa zinatembea.

Mtaro wetu ulipomalizika, tulitoka na ile kamba. Msimamizi wa kazi alitutazama, akauliza sisi ni nani. Tukamwambia tunaishi hapa. Kamba ilisoma mita 331. Barua iliandikwa jioni ileile, na mita 9 zilizobaki zilichimbwa wiki ya tatu, kwa kununa.

Kamba yenyewe iko kwangu, imening'inia nyuma ya mlango. Seli ya jirani wameshaiazima mara mbili. Anayeihitaji aje, ila airudishe kabla ya Septemba.